Sanduku linavunjwa Desemba, ufuta unauzwa Machi

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa chenye watu 28, wengi wetu wanawake, hapa wilayani Nachingwea. Tunalima ufuta na mbaazi, na wachache wana mikorosho. Kila Desemba tunavunja sanduku na kugawana. Lakini ikifika Machi nusu ya wanachama wameshauza ufuta ungali maua kwa watu wa chomachoma (wanaonunua zao kabla halijavunwa, nje ya mnada), na mnada wa Juni unawakuta hawana cha kupeleka ghalani. Sasa afisa wa benki moja ametufuata. Anataka kikundi kikope milioni 20, riba asilimia 3 kwa mwezi, marejesho kila mwezi kwa miezi kumi. Wapo pia wanaosema sisi wenyewe tununue ufuta wa wanachama kwa pesa za sanduku. Bei za vitu hazitabiriki siku hizi, na mbaazi za 2017 hatujazisahau. Tufanye lipi?

Jibu: Dada katibu, naomba nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Kwa nini mnavunja Desemba?

Najua jibu la kawaida: sikukuu, sare za shule, na ndivyo tulivyofundishwa. Vikundi vingi nchini vinavunja Desemba kwa sababu mwezeshaji wa kwanza alikuja na daftari lenye kalenda hiyo, na hakuna aliyeigusa tena. Lakini huko kwenu Desemba ndio mwezi wenye pesa. Mbaazi zimeshalipwa, korosho zinaendelea kulipwa, vibarua wa kuokota korosho wana chochote mfukoni. Mnagawana wakati kila mtu anacho, kisha Januari sanduku linaanza upya likiwa tupu. Februari mnapanda ufuta, Machi mnapalilia, mahindi mapya hayajakomaa na ghala la nyumbani limebaki vumbi. Hapo ndipo mtu wa chomachoma anapoingia kijijini na pikipiki. Anajua kalenda yenu kuliko mnavyoijua nyinyi.

Watu wengi wakiulizwa tatizo la mkulima wa Lindi watasema ni soko. Miaka ishirini iliyopita ningekubali. Leo soko mnalo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa 2005, korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo (mzigo unalala ghalani, mkulima anashika stakabadhi hadi mnada) msimu wa 2007/08, ufuta na mbaazi zikafuata. Siku hizi ufuta na mbaazi viko chini ya usimamizi wa COPRA, mamlaka ya serikali ya nafaka na mazao mchanganyiko, na minada inafanyika kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. AMCOS yenu, yaani chama cha msingi cha ushirika, inakusanya, chama kikuu cha RUNALI kinauza, na mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anaweka bei kwa mzigo uliolala ghala la Nachingwea bila kufunga safari. Mfumo huo una kasoro zake, nami nitazigusa, ila mnada upo na bei inatangazwa mbele ya watu.

Kinachokosekana ni pesa ya kumvusha mtu kutoka Februari hadi siku ya mnada. Mtu wa chomachoma ni mkopeshaji kwanza, ununuzi wake unakuja baadaye, na ndiyo maana misako na makatazo havimmalizi. Mama aliyeuza gunia lake Machi hakudanganywa kuhusu bei. Alikuwa na mtoto mgonjwa, au unga umekwisha, au kibarua wa kupalilia anadai. Alikopa kwa mtu pekee aliyekuwa na noti mkononi asubuhi ile.

Tupige hesabu ya mfano. Machi anapewa shilingi 150,000 kwa gunia la kilo 100 atakalolitoa Juni. Tuseme bei ya mnada ikawa 2,600 kwa kilo, na makato yote (ushuru wa halmashauri, AMCOS, chama kikuu, ghala na usafirishaji) yakafika 200 kwa kilo. Angepata 240,000. Kwa hiyo ile 150,000 imemgharimu 90,000 kwa miezi mitatu, sawa na asilimia 20 kila mwezi. Sasa mkopeshe yeye yule kutoka kwenye sanduku lenu kwa asilimia 5 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu anarudisha 172,500, anabaki na 67,500 mkononi, na ile riba ya 22,500 inabaki kikundini, yeye mwenyewe akiwa na fungu lake ndani siku ya kugawana. Badilisha bei ya mnada upendavyo. Ikishuka hadi 1,900 na makato yakabaki 200, anapata 170,000, mkopo wa sanduku unamla wote na bado anadaiwa 2,500. Kumbuka hesabu hiyo ya pili, nitairudia.

Ushauri wangu ni kwamba muhamishe mwaka wa kikundi. Anzeni mzunguko Julai, baada ya malipo ya ufuta, na vunjeni Juni mwishoni au Julai mwaka unaofuata. Hisa zitakusanywa wakati wa ufuta, mbaazi na korosho, yaani wakati watu wanacho, na sanduku litakuwa limeshiba Januari, tayari kukopesha Februari hadi Aprili. Mikopo hiyo italipwa na ufuta. Mtakapogawana Julai, wenye mikorosho watakuwa katikati ya kupuliza dawa, na wasio nayo watakuwa wanavuna mbaazi wakihitaji magunia na vibarua. Msimu huu wa kuhama utakuwa mgumu kidogo, kwa sababu mtavunja Desemba kama kawaida kisha mfanye mzunguko mfupi wa miezi sita, na baada ya hapo ndipo mnaingia mwaka mpya wa kikundi. Wekeni jambo hilo kwenye katiba, lipigiwe kura, liandikwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti akilipitisha peke yake, Desemba ijayo mtagombana.

Mtu atasimama aseme: na sare za Januari? Ana haki. Kwa hilo wekeni mfuko wa pembeni, akiba ya shule, kila mmoja anachangia anachoweza kuanzia Julai, hauna riba wala haukopeshwi, unafunguliwa wiki ya kwanza ya Januari. Uandikwe daftari lake. Nimeona vikundi vikichanganya mfuko huu na hisa, na mweka hazina akashindwa kueleza pesa ipi ni ya nani.

Pesa nyingi kukaa sandukuni Novemba na Desemba ni hatari, kufuli ziwe tatu au kumi. Hapo ndipo benki au akaunti ya kikundi kwenye simu inapofaa kweli: kulaza pesa wiki ambazo hakuna anayekopa. Zipo huduma za simu zilizotengenezwa kwa vikundi, kama M-Koba, ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kutoa peke yake na kila mwanachama anaona kilichoingia. Angalieni tu makato ya kutoa, maana pesa ikizunguka sana kwenye simu inaliwa kidogo kidogo.

Sasa hofu yako ya 2017, ambayo ndiyo nzito zaidi katika barua yako. Agosti mwaka ule India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna sana na bei yao ilikuwa imeanguka. Tangazo lilitoka wakati mbaazi zetu ndiyo kwanza zinavunwa. Bei iliyokuwa imezidi shilingi 2,000 kwa kilo misimu michache kabla ikaporomoka hadi mamia machache, na kuna walioziacha shambani kwa sababu kibarua wa kuvuna angegharimu kuliko zao. Sisi tunakula mbaazi za nazi asubuhi na maandazi, lakini haziwezi kumaliza shehena iliyolimwa kwa ajili ya meli. India ilifungua tena milango 2021 na imekuwa ikiongeza muda wa ruhusa mwaka hadi mwaka. Zao ambalo bei yake inategemea tangazo la wizara moja ng'ambo ya bahari haliwezi kuwa dhamana ya mkopo wenu.

Kwa hiyo msikopeshe kwa kutazama bei mnayoitarajia. Tafuteni bei ya chini kabisa ya mnada katika misimu mitano iliyopita, AMCOS wana kumbukumbu, kisha mkopo wa mtu usizidi nusu ya kile ambacho angepata kwa bei hiyo baada ya makato. Kwenye mfano wangu wa pili, bei ya 1,900, anayetarajia gunia moja asingepewa 150,000. Angepewa kama 85,000. Atalalamika kwamba chomachoma anatoa zaidi. Ni kweli. Atajazia kwa kibarua au kwa mfuko wa jamii wa kikundi, lakini bei ikianguka hatalazimika kuuza baiskeli kulipa kikundi. Mbaazi nashauri msizihesabu kabisa kwenye dhamana. Zikilipa vizuri, Oktoba watanunua hisa nyingi.

Jambo la pili ni tarehe. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walikataa bei za wanunuzi minadani, na Novemba serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba mizigo. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakaja kwa mafungu, uhakiki ukaingia katikati kwa sababu ya kangomba (wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi), na wapo waliosubiri miezi mingi wakiwa na stakabadhi mfukoni. Vikundi vilivyokuwa vimekopesha kwa tarehe ya kalenda vilitoza faini watu ambao pesa zao zilikuwa hazijaingia. Andikeni kwenye katiba kwamba mkopo wa msimu unalipwa ndani ya siku saba tangu malipo ya mnada kuingia akaunti ya mwanachama, na malipo yakichelewa nje ya uwezo wake riba inasimama. Aliyepeleka mzigo ghalani aonyeshe stakabadhi. Asiyepeleka hana kinga hiyo. Sharti hilo dogo litawarudisha ghalani wengi kuliko hotuba za viongozi.

Na kuhusu bei za vitu kutotabirika: dola inaingia kwenye gunia lako hata kama hujawahi kuishika. Anayenunua ufuta wa kupeleka China au mbaazi za kupeleka India anahesabu kwa dola, kisha anabadilisha kuwa shilingi siku ya mnada. Katikati ya 2024 dola moja ilikaribia shilingi 2,700; mwishoni mwa mwaka huohuo, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, ilikuwa karibu 2,400. Mnunuzi mwenye dola zilezile akawa na shilingi pungufu za kumpa mkulima. Shilingi ikidhoofika mambo yanageuka, bei ya mnada inapata nguvu, ila dawa, mbolea na petroli ya bodaboda navyo vinapanda. Kikundi hakiwezi kuzuia hayo. Kinaweza kununua viuatilifu Julai kwa pamoja, pesa za mgao zikiwa mkononi, kabla muuza duka hajajua kwamba kila mtu anavihitaji wiki moja. Dawa za kuua wadudu wa ufuta nunueni Desemba kwa njia hiyohiyo.

Wazo la kikundi kununua ufuta wa wanachama silipendi hata kidogo. Mkinunua Machi kwa bei ya chini mtakuwa chomachoma wenye katiba. Mkinunua Juni kwa bei ya soko mtakuwa mmefunga akiba ya watu 28 kwenye zao moja mkisubiri bei, na mbaazi zimeshawafundisha. Tena ununuzi nje ya AMCOS, pale ambapo zao limewekwa kwenye stakabadhi ghalani, unaweza kusababisha mzigo wenu ukamatwe. Nguvu ya kikundi itumieni kwenye mizani. Nunueni maturubai na chekeche za pamoja ili ufuta usipigwe chini na kubeba mchanga, maana mzigo mchafu unashusha daraja la wote walio kwenye orodha ile. Siku ya kupeleka, nendeni wawili wawili, mmoja asome mizani na kuandika, mwingine apokee stakabadhi. Kilo mbili zikipotea kwa kila gunia hakuna atakayeandamana, lakini zidisheni kwa magunia ya kikundi kizima mpate jibu wenyewe.

Kagueni akaunti za wanachama kabla ya Mei. Malipo ya mnada yanakwenda benki kwa jina, na jina la kitambulisho cha NIDA likitofautiana na la daftari la AMCOS, au akaunti ikiwa imelala kwa kutotumika, pesa inarudi ilikotoka na mwenyewe anaanza safari za mjini. Wanawake ndio wanaoumia zaidi hapa, kwa sababu mizigo mingi inaandikwa jina la mume hata pale shamba ni la mke. Kwa kikundi chenye wanawake wengi kama chenu, hili lipewe mkutano wake. Kila anayelima awe na namba yake ya mkulima na akaunti yake.

Mikopo ya simu inayotolewa na programu za mtandaoni sitaisemea sana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Zinachukua namba zote za simu yako na ukichelewa wanakutangaza kwa ndugu. Wakopeshaji wa mjini wenye leseni ya daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba, wana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayezidisha, muulizeni leseni yake. Nyinyi wenyewe, kama bado, jisajilini halmashauri kama kikundi cha huduma ndogo za fedha cha daraja la nne, kwa mujibu wa Sheria ya 2018. Bila cheti hicho mtazungushwa kila mlango. Kwa nyaraka hizohizo wanawake na vijana wa kikundi wanaweza kuanza maombi ya mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ilisitishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na imerudishwa kwa utaratibu mpya. Foleni ni ndefu, lakini riba ni sifuri.

Sasa milioni 20. Asilimia 3 kwa mwezi kwa mkopo wote, bila kupungua kadiri mnavyolipa, ni 600,000 kila mwezi hadi mwisho. Marejesho yatakuwa milioni 2.6 kwa mwezi, jumla milioni 26. Ikifika rejesho la kumi mtakuwa mmebakiza deni la milioni 2 na bado mnatozwa riba ya milioni 20. Ukiihesabu kwa deni linalopungua, riba halisi ni karibu asilimia 5 kwa mwezi, sawa na ya sanduku lenu, isipokuwa hii haiwarudii. Halafu rejesho la kwanza linaanza mwezi ujao. Nani kati yenu ana sehemu yake ya 93,000 mwezi wa Aprili? Atakayekosa atakwenda kwa chomachoma kuitafuta, na wengine mliomdhamini mtafuata nyuma yake.

Muulize afisa huyo maswali mawili. La kwanza, kama huu ni mkopo wa kilimo, kwa nini riba ni ya biashara ya mjini, wakati tangu 2021, Benki Kuu ilipolegeza masharti, benki kubwa zimekuwa zikitangaza mikopo ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka? La pili, je, benki itakubali marejesho kwa msimu, sehemu Julai na sehemu Desemba, na stakabadhi ghalani zikiwa dhamana badala ya sisi kudhaminiana? Akijibu vizuri yote mawili, zungumzeni naye. Akisema mfumo wa kompyuta hauruhusu, mshukuruni, mfungue akaunti ya kuweka tu. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Aprili 2025 imeundwa kwa ajili ya watu wa AMCOS. Ulizeni RUNALI kama inaweza kuwafikia, na msiipe nafuu ya maswali hayo kwa sababu ya jina lake.

Kabla ya kumjibu, fanya kazi hii mkutano ujao. Waite waliouza Machi, mmoja mmoja, faragha ikibidi, uandike kila mmoja alipewa kiasi gani na alikuwa na shida gani. Ukijumlisha utapata deni halisi la kikundi kwa chomachoma. Wakiwa 14 na kila mmoja alichukua kama 150,000, ni milioni 2.1. Wanachama 28 wakiweka wastani wa 5,000 kwa wiki kuanzia Julai, mwishoni mwa Januari sanduku lina karibu milioni 4.